Zawadi ya Idi: mfarishi wa khanga au kofia ya mkono?

Rajabu ikiandama, kapu la nyuzi kwetu hushushwa kabatini na ubishi huanza: mwaka huu tushone nini?

Mfarishi, yaani tandiko la viraka vilivyoungwa, ni kazi ya watu wengi. Khanga kuukuu zilizochakaa pindo bado zina mji, yaani sehemu ya katikati, ulio mzima. Unakata miraba ya sentimita 15, watoto wanapanga rangi sakafuni, bibi anaunganisha kwa cherehani. Chini unaweka shuka la zamani. Ukichanganya khanga mpya, ifue kwanza, maana rangi nyekundu ikichuja imeharibu kila kitu. Jina nalo, yaani maandishi ya khanga, lisome kabla ya kukata: usije ukampelekea wifi kiraka chenye fumbo, sikukuu ikageuka kesi. Ukosefu wa ustadi hauonekani sana, kwani kiraka kilichopinda huitwa pambo.

Kofia haina huruma hiyo. Ni vitambaa viwili vyeupe, duara la juu na ukuta wa pembeni, kisha mamia ya vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Anayeanza Ramadhani hamalizi. Siku 29 au 30 hazitoshi kwa mtu mwenye futari ya kupika. Tena huvaliwa na mmoja tu, na kipimo cha kichwa kikikosewa, basi.

Mimi huchagua mfarishi. Ila asubuhi ya Idi, baba akitoka kwenda kuswali na kofia aliyoshonewa na mama miaka ile, hakuna anayeutazama mfarishi wangu.