Uniti moja ndani ya buti: uzoefu wangu wa kuchagua betri kubwa ya safari

Mama yangu mzazi anaishi Iringa na anatumia insulini. Kila anapokuja Dar es Salaam kututembelea, safari ya kumrudisha huwa na jambo moja lisilokubali kubahatisha, kwa sababu chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, zisipate joto na wala zisigande. Kwa muda mrefu tulitumia boksi la barafu, na mara nyingi tulifika Morogoro barafu yote ikiwa imeshakuwa maji. Mwaka jana tulipoamua kulala Mikumi siku mbili njiani, ili watoto wakaone wanyama pamoja na bibi yao, nilijua kwamba barafu haitatufikisha. Nikanunua friji ndogo ya gari yenye kompresa, kisha nikaanza kutafuta kitu cha kuiendesha usiku wakati gari limezimwa.

Kitu chenyewe wauzaji wa Kariakoo hukiita pawastesheni. Ni betri kubwa iliyowekwa pamoja na inveta (sehemu inayougeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani), chaja na soketi zake ndani ya boksi moja lenye mkono wa kubebea, hivyo mnunuzi hahitaji fundi wa kumuungia nyaya. Namba mbili huwachanganya watu wengi wanapokisoma kifaa hiki, na mimi nilizielewa nilipozifananisha na simtanki la nyumbani: wati-saa ni maji yaliyomo ndani ya tanki, na wati ni upana wa bomba linaloyatoa. Betri ya wati-saa 1,000 ina umeme sawa na uniti moja ya LUKU, na kila mwenye nyumba anajua uniti moja inavyokwisha upesi pasi inapowashwa. Ningependa wauzaji wawe wanalisema hilo mwanzoni kabisa, kabla ya kumwambia mteja kwamba kifaa kinawasha friji, televisheni na jiko.

Nilikaa mezani na mke wangu tukahesabu mahitaji yetu kabla ya kwenda dukani. Friji yetu hula wati 45 hivi kompresa inapofanya kazi, na kompresa ikipumzika haili karibu chochote, kwa hiyo kwa joto la Tanzania tulikadiria wati-saa 450 kwa usiku na mchana. Simu nne zilihitaji kama wati-saa 60, na taa ya hema wati-saa 25. Jumla ilikuwa chini kidogo ya 540 kwa siku. Hesabu hiyo haijakamilika bila kuondoa umeme unaopotea ndani ya kifaa chenyewe, ambao mimi niliukadiria kuwa asilimia 15. Betri ndogo za wati-saa 250 hivi, ambazo ni nyepesi na bei yake inavutia, zisingetufikisha hata nusu ya siku. Nililinganisha EcoFlow Delta 2, yenye wati-saa 1,024, uwezo wa kutoa wati 1,800 na uzito wa kilo 12, na Bluetti AC70, yenye wati-saa 768, wati 1,000 na uzito wa kilo 10 na ushei, nikaamua kwamba daraja letu ni lile la wati-saa 1,000. Chapa niliyoinunua hatimaye siitaji, kwa kuwa karibu yote niliyoyapata yangenipata na kifaa kingine chochote cha daraja hilo.

Duka la kwanza nililoingia Kariakoo lilikuwa na betri nzuri kwa bei ambayo ilinishangaza kwa unafuu wake. Nilipoigeuza niliona soketi zenye matundu mawili membamba yaliyosimama wima na tundu moja la mviringo chini yake, na pembeni kukiwa na maandishi ya volti 120 na hezi 60. Hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na plagi tunazozitumia zaidi ni zile za miguu mitatu bapa.

"Kaka, hilo si tatizo, utaweka adapta tu," muuzaji aliniambia.

Nilimshukuru nikatoka, kwa sababu adapta hubadilisha umbo la plagi na haibadilishi volti. Chaja nyingi za simu na kompyuta hukubali volti 100 hadi 240 na zingefanya kazi hapo, lakini feni au kifaa chochote cha mota kilichonunuliwa hapa nchini kisingefanya kazi inavyotakiwa, na betri yenyewe huenda isingevumilia kuchomekwa ukutani nyumbani kwangu. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu betri za namna hiyo zinaonekana sokoni, na mtu anayetazama bei na asilimia ya chaji kwenye kioo cha betri hawezi kulitambua. Wengine huwaza kumwagiza ndugu aiweke kwenye begi anaporudi kutoka Dubai. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hata kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege litoe idhini, kwa hiyo betri ya ukubwa huu haiwezi kuja na abiria.

Duka la pili lilikuwa na vifaa vya volti 230, na muuzaji wake, kijana mwenye subira, alikubali ombi langu la kujaribu kabla ya kulipa. Alileta birika la umeme la wati 1,500, akajaza maji lita moja na nusu, tukasimama tukitazama kioo. Betri ilikuwa na asilimia 80. Namba ya wati zinazotoka ilipanda ikakaa karibu na 1,500, feni ya ndani ikaanza kuvuma, na maji yalipochemka kioo kilisoma asilimia 64. Chemsho moja, chai ya watu sita, ilikuwa imekula karibu wati-saa 160. Sijapata kuona jaribio lililonifundisha zaidi ya hilo. Pale pale niliamua kwamba chai na chakula cha safari vitapikwa kwa mtungi mdogo wa gesi, na betri itabaki kwa kazi ambazo gesi haiziwezi. Nililipa zaidi ya shilingi milioni 2, nikachukua risiti ya EFD, na nikahakikisha muhuri wa duka na tarehe vimewekwa kwenye karatasi ya waranti.

Kuhusu aina ya betri sina maneno mengi. Chagua ile ambayo kwenye boksi imeandikwa LiFePO4, yaani lithiamu yenye chuma na fosfeti. Ni nzito kidogo kuliko zile za lithiamu yenye nikeli, lakini huvumilia joto vizuri zaidi, na watengenezaji wengi huitaja kuwa inaweza kujazwa na kutumika mara 3,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80, wakati zile nyingine kwa kawaida hutajiwa mara 500 hadi 1,000.

Jambo ambalo sikulipa uzito wa kutosha, na ambalo leo ningelitanguliza kuliko ukubwa wa betri, ni namna itakavyojazwa njiani. Nyumbani hujaa kwa muda usiozidi saa mbili na kwa umeme usiofika shilingi 500. Ndani ya gari mambo ni tofauti kabisa. Gari letu ni Toyota iliyotumika kutoka Japani, na kwenye kifuniko cha soketi yake ya sigara kumeandikwa volti 12, wati 120. Huo ndio mwisho wa soketi hiyo hata kama injini ina nguvu kiasi gani, na kifaa changu chenyewe hujiwekea kikomo cha ampea 8, kwa hiyo kioo kilionyesha wati 96 tu zikiingia. Betri tupu ingehitaji karibu saa 11 za injini kuwaka ili ijae. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, betri ikiwa na asilimia 52 kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kupima safari itaniongezea kiasi gani huku friji ikiendelea kula. Malori yalitubana kati ya Mlandizi na Chalinze, tukala Msamvu, ambapo kwa saa nzima gari lilizimwa na hakukuwa na umeme wowote uliokuwa ukiingia, na tulipofika Mikumi, takriban kilomita 300 kutoka nyumbani, kioo kilisoma asilimia 86. Kwa safari ya mwendo mrefu hiyo inatosha. Kwa mtu atakayefika kambini na kuliegesha gari kwa siku tatu, haitoshi hata kidogo.

Usiku wa kwanza tulipoteza umeme bila kujua. Mwanangu mkubwa alichaji simu yake kwenye soketi ya volti 230, akaichomoa na kulala, na kitufe cha inveta kikabaki kimewashwa. Inveta inapokuwa macho hujilia yenyewe hata pasipo kitu kilichochomekwa, na asubuhi tulikuta tumepoteza asilimia 38, wakati usiku uliofuata, friji ikiwa kwenye soketi ya volti 12 na simu kwenye USB, tulitumia asilimia 21 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Tofauti hiyo ya asilimia 17 ni zaidi ya chemsho letu la Kariakoo. Tangu hapo, mtu wa mwisho kuingia hemani hugusa kile kitufe na kuhakikisha taa yake ya kijani imezimika.

Tulikuwa pia na paneli ya sola ya kukunja ya wati 200, na hapa nataka kumtahadharisha msomaji kuhusu namba hiyo, kwa sababu hupatikana katika maabara na si porini. Saa 6 mchana, jua likiwa utosini na paneli ikiwa imelazwa juu ya boneti, niliona wati 148, na hilo lilinifurahisha. Saa 9 alasiri kivuli cha tawi la mkwaju kilifika kwenye kona moja tu ya paneli, na namba ikaanguka hadi 31. Kona moja ya kivuli inaweza kudhoofisha paneli karibu nzima, kwa kuwa seli zake zimeunganishwa kwa mfuatano. Ugumu ni kwamba hema na mama yangu walihitaji kivuli, paneli ilihitaji jua, na waya tuliopewa ulikuwa mfupi, kwa hiyo betri ikalazimika kuifuata paneli juani. Nunua waya wa ziada wa mita 10 siku hiyo hiyo unaponunua paneli, na usiiache paneli peke yake kambini, maana ngedere waliichunguza yetu mara tu tulipoipa mgongo.

Joto ndilo lililonitia hofu zaidi. Siku ya pili tulirudi kambini mchana baada ya gari kukaa juani madirisha yakiwa yamefungwa, na nilipochomeka sola, betri ilikataa kupokea chochote ikaonyesha alama ya kipimajoto. Betri za aina hii kwa kawaida haziruhusu kujazwa zikizidi nyuzi 45, na ni vizuri zikatae, kwa sababu ndiyo kinga yake. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimeifunika kwa kanga ili vumbi lisiingie, na kanga hiyo ilikuwa imeziba matundu ya hewa pande zote mbili. Tuliihamishia chini ya mti, tukaitoa ile kanga, na baada ya dakika 40 hivi ilianza kupokea umeme tena. Muda wote huo friji iliendelea kufanya kazi, na kipimajoto kidogo nilichokiweka kando ya chupa za insulini kilibaki kati ya nyuzi 4 na nyuzi 6. Sasa vumbi nalipangusa jioni kwa brashi laini, na njiani betri hukaa nyuma ya kiti cha dereva, imefungwa kwa mkanda na kuachiwa nafasi ya kiganja kila upande, wala siiweki tena kwenye buti chini ya mizigo.

Tulifika Iringa betri ikiwa na asilimia 71, na mama alizitoa chupa zake mwenyewe akaziweka kwenye friji ya nyumbani kwake. Kilichobaki ni chaja ya kuunganishwa moja kwa moja na betri ya gari, ile yenye waya mnene na fyuzi yake, ambayo huweza kupeleka wati 500 badala ya 96. Fundi wangu wa Gerezani amekataa kuifunga kabla hajapima altaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, kuona kama ina nguvu ya ziada taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, nami nimemwachia gari kwa ajili ya kipimo hicho.