Kigandishi Kipi Ununue Tanga: Wanga wa Muhogo, Pektini, Agari, Karagini au Jelatini

Mtu anayetengeneza jamu, faluda au sosi ya pilipili kwa ajili ya kuuza hapa Tanga hufika siku akakuta maji yamejitenga juu ya chupa na kilicho kizito kimetuama chini. Hapo ndipo huenda Ngamiani kuulizia "unga wa kugandisha", jina ambalo wauzaji hulitumia kwa vitu vitano au sita visivyofanana tabia hata kidogo. Nimevipanga hapa kuanzia kile ninachomshauri mtu anunue kwanza hadi kile ninachomshauri akinunue mwisho, kwa kuangalia mambo matatu yanayoharibu kazi zetu: joto la msimu wa kaskazi, ukali wa matunda na ndimu, na maziwa.

Bei nayo ina hesabu yake. Usilinganishe kwa kilo, bali kwa lita ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Lita moja ya jeli iliyoshika vizuri huhitaji takriban gramu 10 za agari, au gramu 20 hadi 30 za jelatini. Kwa hiyo jelatini inayouzwa nusu ya bei ya agari haijakuokolea hata senti.

Nafasi ya kwanza naipa wanga wa muhogo, kwa sababu unapatikana, ni rahisi, na hata ukikosea hasara yake ni ndogo. Ila usichanganye wanga na unga. Unga wa muhogo ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, nyuzi zake zikiwamo. Wanga ni ule weupe unaotuama chini ya beseni baada ya muhogo kukunwa, kuoshwa kwa maji mengi na kukamuliwa. Ukiufikicha kwa kidole gumba na cha shahada, wanga safi huteleza na kutoa mlio mkavu. Ukiunusa ukapata uchachu, ujue ulikaa ndani ya maji kupita kiasi au ulianikwa siku ya mvua. Huiva kati ya nyuzi joto 60 na 70, uji wake ni mwangavu, na hauna ladha ya kufunika pilipili wala embe. Wanga wa mahindi, ambao wengi huuita konfulawa, hutoa uji wenye ukungu na baada ya siku mbili tatu kwenye jokofu huanza kutoa machozi, yaani maji kujitenga. Kwa kastadi hauna tatizo, kwa sosi ya chupa siupendekezi. Udhaifu wa wanga wa muhogo ni ukali na moto wa muda mrefu: ukiuchemsha pamoja na siki au ukwaju kwa nusu saa, uzito wote unakatika na sosi inarudi kuwa maji. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, uutie sosi ikikaribia kuiva, na siki iingie mwisho.

Ya pili ni pektini, na kwa jamu ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita. Ni kitu kilichomo kwenye kuta za chembe za matunda, na viwanda huikamua hasa kutoka kwenye maganda ya machungwa na ndimu na kwenye makapi ya tufaha, kwa maji moto yenye tindikali, kisha huigandisha kwa spiriti na kuikausha. Kwa mtu anayekaa mwendo mfupi kutoka Muheza, ambako machungwa huiva vizuri huku ganda likiwa bado la kijani na maganda hutupwa kwa magunia, kuinunua pektini iliyosafirishwa kwa meli kunakera kidogo.

Dukani kuna aina mbili, na mwuzaji asipoweza kukuambia ni ipi, usinunue. Aina ya kwanza hugandisha pale tu sukari inapozidi asilimia 55 na ukali unapokuwa karibu na pH 3. Hiyo ndiyo ya jamu ya kawaida. Ya pili haihitaji sukari nyingi bali huhitaji kalisiamu, nayo huwafaa wanaotengeneza jamu ya sukari kidogo au mtindi wenye matunda. Ukichukua ya pili ukaitumia kama ya kwanza, utapata sharubati nzito yenye bei ya jamu. Kwa vyovyote vile, ichanganye kwanza na sukari kavu mara tano ya uzito wake kabla ya kuimimina kwenye sufuria, la sivyo itafanya mabuje ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja. Sisi tulio usawa wa bahari tuna nafuu moja: jamu ikifika nyuzi 104 au 105 kwenye kipimajoto, sukari yake imefika takriban asilimia 65 na kazi imekwisha.

Kabla ya kununua, pima kama unaihitaji. Chukua kijiko kimoja cha maji ya tunda yaliyochemshwa na kupoa, changanya na vijiko vitatu vya spiriti ya duka la dawa, tikisa taratibu na usubiri dakika moja. Likitokea donge moja kubwa kama ute wa yai, tunda lina pektini ya kutosha. Vikitokea vipande vidogo vilivyotawanyika, ongeza. Mchanganyiko huo ni sumu, umwage. Mapera na machungwa hufaulu. Nanasi mara nyingi hufeli. Ubuyu mweupe nao una pektini pamoja na ukali wake wa asili, ndiyo maana sharubati yake huwa nzito yenyewe, na wapo wanaouchanganya kwenye jamu ya embe kwa mafanikio.

Ya tatu ni agari, inayotokana na mwani mwekundu, na ndiyo inayoshikisha faluda. Sifa yake kubwa kwa mji kama wetu ni kwamba huganda ikifika nyuzi 35 hadi 40 na haiyeyuki tena mpaka ipate takriban nyuzi 85. Sahani ya faluda inaweza kukaa mezani adhuhuri ya Februari bila kutoa jasho. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoiingiza kwenye maabara mwanzoni mwa miaka ya 1880, Fanny Hesse alipomshauri mumewe, mtafiti wa vijidudu, aitumie badala ya jelatini, iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto la kuoteshea vijidudu. Kasoro yake ni kukatika: jeli ya agari haivutiki, na wasioizoea huiona kavu mdomoni.

Karagini naiweka ya nne, ingawa mwani wake unalimwa kwenye kamba na vigingi katika pwani ya Mkinga na kule Mlingotini, Bagamoyo. Wakulima wetu wengi hupanda mwani aina ya spinosamu, ambao hutoa karagini laini inayonepa. Kotonii, unaotoa ile ngumu, huwashinda wengi kwa sababu maji ya kina kifupi yakipata joto kali huugua na kukatika. Mwani huondoka ukiwa mkavu ndani ya magunia, na unga wake huturudia ukiwa ndani ya dawa ya meno, soseji na maziwa ya chokoleti. Kwenye maziwa haina mpinzani, kwa kuwa hushikana na protini yake: gramu 2 hadi 3 tu kwa lita 10 huzuia kakao isituame. Mwenye aiskrimu au maziwa ya ladha ainunue. Mwenye ukwaju na ndimu aiache, kwa sababu ukali na moto vikikutana huivunja.

Jelatini ni ya mwisho. Huyeyuka kwenye joto la mwili, na bila jokofu la uhakika haina maisha hapa. Nyingine hutokana na ngozi ya nguruwe, kwa hiyo pakiti isiyotaja mnyama wala isiyo na alama ya halali irudishe rafuni. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwenye jeli ya nanasi bichi kwa ajili ya walima. Asubuhi nikakuta bakuli arobaini za maji matamu, kwa kuwa kimeng'enya cha nanasi bichi huila jelatini, kama lifanyavyo papai. Nanasi lililochemshwa halina shida hiyo.

Gamu arabiki sikuipanga, kwa kuwa haigandishi. Kazi yake ni kuzuia mafuta ya ganda la chungwa yasielee juu ya soda.

Kwenye pakiti tafuta namba: 406 ni agari, 407 karagini, 440 pektini. Unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo, nunua gramu 50 tu, uchemshe kidogo, uache upoe kabisa, kisha udondoshee tone la iodini. Ukigeuka buluu iliyokoza kama wino, umeuziwa wanga kwa bei ya agari.