Nyimbo za Sinthesaiza Zilizonikaa Masikioni: Uzoefu Wangu wa Miaka Kumi

"I Feel Love" wa mwimbaji wa Marekani Donna Summer niliusikia mara ya kwanza kwenye spika ya simu, nikauona wimbo wa kawaida tu: mashine inatwanga, mwanamke anaimba kwa sauti ya juu, dakika zinakwenda. Nikauacha. Miezi kadhaa baadaye nikapata hedifoni nzuri, zile za kufunika sikio lote, nikazima taa na kuurudia. Besi ikaanza kurukaruka, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kupumzika, nami nikabaki nimeketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, mpaka ukaisha. Nikaurudisha mwanzo. Usiku ule nililala karibu na alfajiri.

Wimbo huo ulitengenezwa Munich, Ujerumani, mwaka 1977, na watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte, kwa sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza milio kwa umeme) ya Moog, yenye ukubwa wa kabati. Noti ya besi imewekwa upande mmoja, mwangwi wake ukawekwa upande wa pili, kwa hiyo mlio mmoja unakuwa miwili inayofukuzana. Spika moja ya simu huichanganya yote pamoja na mbio zile zinapotea. Ndiyo sababu nawaomba wote ninaowapendekezea nyimbo hizi wasizihukumu kwa spika ya simu. Hata hedifoni za bei ya chini zitakupa zaidi.

Kaka yangu ni mpiga dramu, na kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari za muziki wa mashine. Siku moja nikamvalisha hedifoni zangu, nikamwekea wimbo huu. Alisikiliza kimya, kichwa kimeinama, goti likitikisika. Ulipokwisha akasema, "Ile ngoma kubwa si mashine. Kuna mtu anaikanyaga." Sikumwamini. Nikaenda kusoma, nikakuta ni kweli: Moog haikuweza kutoa kishindo walichokitaka, wakamwita mpiga ngoma Keith Forsey aikanyage ngoma kubwa kwa mguu wake mwenyewe. Kila kitu kingine ni umeme, isipokuwa sauti ya Donna na mguu wa Forsey.

Tangu siku ile, nikisikiliza wimbo wowote wa sinthipopu, yaani popu ya sinthesaiza, namtafuta huyo mtu aliyejificha ndani ya mashine. Nyimbo ninazozieleza hapa ni zile nilizompata ndani yake.

Kwa "Blue Monday" wa kundi la Uingereza la New Order, wa mwaka 1983, ilinichukua muda kumpata. Watu wengi wanaujua kwa ule mwanzo wake, mashine ya ngoma inayogonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Wengine wanaujua kwa jalada la santuri lililokatwa mfano wa disketi ya kompyuta. Mimi kilichonivuta ni tuni ya sinthesaiza inayoingia kana kwamba imechelewa, inaelea pembeni ya mdundo, haikai sawasawa. Nilidhani ni ufundi wa makusudi. Kumbe Gillian Gilbert wa kundi hilo, aliyepewa kazi ya kuingiza noti zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, alikuwa ameziandika kwenye karatasi nyingi zilizogundishwa pamoja, na akairuka noti moja. Tuni yote ikasogea. Wakaiacha hivyo. Ameeleza mwenyewe kwamba lilikuwa kosa. Nikiusikiliza sasa naona karatasi zile zimetandazwa studio nzima na mwanamke ameinama juu yake akihesabu.

Hapo nina onyo. Tafuta toleo lile la mwaka 1983 lenye dakika saba na nusu. Lipo jingine la 1988, si baya, lakini limesafishwa na kufupishwa, na kwangu lile la kwanza lina kiza ambacho hili halina. Nyimbo hizi nyingi zina matoleo mengi, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Mkusanyiko wa kwanza nilioununua, uliojaa majina makubwa ya miaka ya themanini, uligeuka kuwa nyimbo zilizorekodiwa upya miaka mingi baadaye. Waimbaji walewale, lakini sauti zimezeeka na sinthesaiza zenyewe ni nyingine kabisa, zimenyooka na hazina joto. Hakuna mahali kwenye jalada palipoandikwa hivyo kwa herufi za kuonekana. Niliumia sana, maana nilikuwa nimesubiri kwa hamu. Siku hizi kabla ya kununua chochote naangalia mwaka wa kurekodiwa na urefu wa wimbo. Vikitofautiana na vile vya albamu ya asili, sinunui.

Kraftwerk, kundi la Ujerumani, nilikwenda nao polepole. "Autobahn" wa mwaka 1974 una dakika zaidi ya ishirini na mbili, na mara mbili nilishindwa kuumaliza. Siku nilipousikiliza safarini, kichwa kwenye kioo cha dirisha na barabara ikipita chini, nikauelewa wote kwa mkupuo mmoja. Lakini wimbo wao ninaoupenda kwa dhati ni "Computer Love", kutoka albamu ya Computer World ya mwaka 1981. Unamhusu mtu aliye peke yake usiku, anatazama skrini, anatamani mwenzake. Kumbuka mwaka huo. Nyumba chache mno zilikuwa na kompyuta, na hawa watu wa Düsseldorf walikwisha kuuona upweke ambao leo karibu kila mmoja wetu anao mfukoni. Mwimbaji wao, Ralf Hütter, si mtu wa sauti kubwa. Anaimba kama mtu anayesoma barua taratibu ili asilie, na baada ya maneno kwisha tuni inaendelea yenyewe kwa dakika nyingi, na hapo ndipo wimbo unaponishika. Kundi la Coldplay waliiomba tuni hiyo na kuitumia katika "Talk" mwaka 2005, kwa magitaa. Nimeusikiliza wa Coldplay mara chache. Wa Kraftwerk sijui hata idadi.

Ukitaka kujua jinsi muziki huu ulivyosafiri, uweke "Trans-Europe Express" wa Kraftwerk wa 1977 kisha "Planet Rock" wa Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wa 1982. Tuni ya Wajerumani imepandishwa juu ya mashine ya ngoma ya TR-808 jijini New York, ikawa msingi wa hiphopu ya kielektroniki.

Japani nao walikuwa na njia yao. Yellow Magic Orchestra walikuwa watatu: Haruomi Hosono, Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi. "Rydeen", kutoka albamu yao ya 1979, ni utunzi wa Takahashi, na ni wimbo wa furaha tupu. Hauna maneno, tuni inakimbia kama farasi. Kaka yangu alimgundua Takahashi kabla yangu. Sinthesaiza zinaongozwa na kompyuta, lakini ngoma anapiga yeye, mtu, huku masikioni mwake mashine ikimhesabia. Kwa kaka hilo ni jambo zito kuliko kumshinda mashine. Huruhusiwi kuchelewa hata kidogo, na bado unatakiwa usikike kama binadamu. Takahashi alifariki Januari 2023, Sakamoto akamfuata Machi mwaka huohuo. Kwa wiki kadhaa sikuweza kuuweka wimbo ule. Sasa nauweka tena, na farasi bado anakimbia.

Albamu iliyonishangaza kuliko zote ni ya Charanjit Singh, mwanamuziki wa India aliyekuwa akipiga muziki wa filamu. Mwaka 1982 alichukua vyombo vitatu vipya vya kampuni ya Roland, sinthesaiza ya Jupiter-8, mashine ya besi ya TB-303 na mashine ya ngoma ya TR-808, akapiga raga (tuni za jadi za India) kumi juu ya mdundo wa disko. Haikununuliwa sana, ikasahaulika. Miaka mitano baadaye vijana wa Chicago waliojiita Phuture walitoa "Acid Tracks" kwa TB-303 hiyohiyo, na dunia ikaanza kucheza muziki ulioitwa asidi hausi. Albamu ya Charanjit ilipotolewa tena mwaka 2010, watu walidhani ni utani, kwamba kuna mtu wa siku hizi ameitengeneza na kubandika tarehe ya zamani. Haikuwa utani. TB-303 ina uwezo wa kuteleza kutoka noti hadi noti, na raga nayo inapenda noti iteleze, si kukatwakatwa. Alichofanya ni kukipa chombo kazi ambacho kiliweza kuifanya vizuri. Nakiri kwamba kusikiliza zote kumi mfululizo kunachosha. Mdundo wa ngoma haubadiliki sana. Mimi husikiliza mbili, napumzika, narudi kesho.

William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, hachoshi. Alijirekodi, akachapa santuri zake mwenyewe kati ya 1977 na 1985, kisha akauacha muziki, akaingia kwenye dini, na hakutaka tena kuulizwa habari zake. Mkusanyiko uliotoka mwaka 2013 ndio uliomrudisha masikioni mwa watu, yangu yakiwemo. Alifariki mwaka 2017. "Good Name" una takriban dakika kumi, na kwa dakika hizo anasema jambo moja: jina jema halinunuliwi kwa fedha. Sisi tuna usemi wetu kwamba jina jema hung'ara gizani, na nilipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza ndio ulionijia. Sinthesaiza yake inatetemeka, inakwaruza, inatoa milio kama ya mdudu aliyenaswa kwenye chupa, na wanawake wanaitikia nyuma yake kwa utulivu kana kwamba hawausikii huo mdudu. Huo mvutano ndio utamu wenyewe. Hapa sihitaji kumtafuta mtu. Kila kidole kinasikika.

Za redio nazipita haraka kwa sababu zinajulikana. "Don't You Want Me" wa The Human League, wa 1981, ni mzuri, ingawa nimeuchoka. "Take On Me" wa a-ha wa Norway unainuka kwenye kiitikio mpaka mahali ambapo hata mimi chumbani peke yangu sithubutu kuufuata. "Na zare" wa kundi la Alyans, kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1987, si wengi wanaoujua, na ningependa waujue: sauti nyembamba ya mwanamume juu ya sinthesaiza baridi, na kiitikio kama cha mtu anayeita toka upande wa pili wa ziwa.

"Enjoy the Silence" wa kundi la Depeche Mode siwezi kuupita haraka. Ulitoka mwaka 1990. Martin Gore, mtunzi wao, aliutunga kama wimbo wa taratibu, sauti na kinanda tu. Mwenzake, Alan Wilder, akapendekeza waupe mdundo wa kuchezeka, na Gore mwanzoni hakukubaliana naye. Ndiyo maana wimbo huu una hali mbili. Miguu inataka kucheza na kifua kinataka kutulia. Mwaka nilioachana na mtu niliyempenda sana, nilikuwa nikiuweka kila jioni niliporudi kazini. Haukuniponya, lakini ulikuwa unakaa nami bila kuniambia nijikaze. "Dancing On My Own" wa Robyn wa Sweden, wa 2010, nao niliujaribu kipindi hicho, ukanizidi nguvu. Mwanamke amesimama pembeni anamwona mpenzi wake na mwingine, na mdundo unapiga palepale, haumhurumii. Niliusikiliza mara mbili nikauweka kando kwa karibu mwaka. Leo ni miongoni mwa nyimbo zangu tano za kwanza.

Anayeniuliza aanzie wapi simpi ule wa Donna Summer. Nampa Hailu Mergia wa Ethiopia, albamu ya mwaka 1985 ambayo jina lake lina neno Shemonmuanaye. Alikuwa na kundi la Walias Band, wakaenda kupiga Marekani, akabaki huko. Akaingia studio peke yake na kodiani, kinanda cha kuvutwa na kubanwa kwa mikono, aliyoijua tangu ujana, akaongeza sinthesaiza na mashine ya ngoma, akapiga nyimbo za nyumbani kwao. Baadaye aliendesha teksi Washington kwa miaka mingi, kinanda kikiwa kwenye buti, na alipokuwa akisubiri abiria uwanja wa ndege alikitoa akafanya mazoezi kwenye gari. Kanda yake ilitolewa tena mwaka 2013, na mzee akarudi jukwaani.

Mashine ya ngoma kwenye albamu hiyo ni hafifu, tik-tak tu, haina kishindo cha kumtisha mtu. Kodiani inavuta pumzi juu yake. Isikilize kwa sauti ya wastani, usiku, usifanye kitu kingine. Kaka yangu ameichukua nakala yangu tangu mwaka jana, na hajairudisha.