Darasa la kuchora majengo Kisumu: nimelipa 1,500, nimepata nini

Kazi yangu ni kuchomelea mageti na grili za madirisha, Kondele. Wateja wengi maelezo hayawaingii, wanataka waone. Ndiyo maana nilipokuta tangazo la darasa la siku moja la kuchora majengo papo hapo, bila rula, nililipa shilingi 1,500 siku hiyo hiyo. Mke wangu akauliza kama hizo si pesa za gesi. Zilikuwa za gesi.

Tulikutana asubuhi kwenye mnara wa saa wa Oginga Odinga Street, ule uliojengwa 1938 kumkumbuka Kassim Lakha. Tangazo lilisema wanafunzi wanane. Tulikuwa kumi na saba, mwalimu mmoja.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu: mnara mnene kama tangi la maji, tena umeinama. Kijana wa boda akachungulia begani kwangu. "Omera, hiyo kitu inaanguka." Alisema kweli.

Mwalimu alinitoa kwenye karatasi kabisa. Nyoosha mkono, funga jicho moja, laza penseli. Ncha iguse ukingo mmoja wa mnara, ukucha wa gumba usimame kwenye ukingo wa pili. Huo ndio upana. Sasa simamisha penseli, hesabu upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Kiwiko kikikunjika hata kidogo kipimo kimeharibika, na kosa langu lilikuwa hapo hapo, maana kila nikitazama juu nilikuwa nakunja mkono. Mimi ninayeshinda na tepu mfukoni nikatulia. Kumbe penseli ni tepu isiyo na namba.

Kisha tukahamia mbele ya maduka ya zamani yenye varanda za nguzo. Nilikuwa nimekaa kwenye kistuli. Nikaambiwa nichore kwanza mstari mmoja mwepesi, usawa wa macho yangu. Ukitazama safu ya maduka inavyokwenda mbali, vilivyo juu ya mstari huo, kama ukingo wa paa, vinauteremkia. Vilivyo chini, kama sakafu ya varanda, vinaupandia. Watu nao wana kanuni yao. Ukisimama, vichwa vya watu wazima, wa karibu na wa mbali, hujipanga karibu na mstari huo. Ukikaa, mstari unawapita chini zaidi. Muuza miwani aliyesimama hatua tano kutoka kwangu na askari wa duka la mwisho kabisa, wote uliwapita kiunoni, ingawa askari alitoka mdogo kama njiti ya kiberiti. Barabara ikafunguka kwenye karatasi. Hapo tu pesa ya gesi ilirudi.

Vivuli tulifundishwa kwa dakika kumi, mwalimu akikimbizana na wingu.

Sasa daftari na kalamu walizotuuzia kwa shilingi 600. Usinunue. Karatasi ni nyepesi mno, wino unatokea upande wa pili, na wenyewe hauvumilii maji. Alasiri mvua ikashuka, si mnajua Kisumu, na kuba za Msikiti wa Jamia nilizozihangaikia saa nzima zikawa uji. Jirani yangu alikuwa anachora kwa biro ya kawaida kwenye daftari la shule. Wino wa biro una mafuta, kwa hiyo karatasi yake ilijikunja lakini mistari ilibaki. Nilimwonea wivu njia nzima.

Nitarudi wakiitisha darasa lingine, ila na vifaa vyangu, na nitauliza kwanza tuko wangapi.

Wiki jana mteja wa Mamboleo alitaka geti. Nilisimama barabarani, nikanyoosha penseli, nikamchorea nyumba yake na geti mbele. Akakitazama kile kikaratasi kwa muda. "Fundi, geti ni sawa. Lakini mbona paa langu umelifanya jipya?"