Maloja nyumbani: miezi mitano ya kuhesabu kila wimbo unaopigwa

Kila mwisho wa mwaka watu wanajaza status zile picha za Spotify, fulani amesikiza dakika elfu ngapi, mwimbaji wake namba moja ni nani, na yangu mie kila mwaka ilikuwa si kweli, manake Spotify imeingia Kenya 2021 na inahesabu kile ulichosikiza ndani yake peke yake. Sasa hapa kwetu Majengo muziki mwingi hauko huko kabisa. Marehemu babangu ameacha kanda zaidi ya 100, taarab za harusi zilizorekodiwa hapo hapo watu wamekaa, Juma Bhalo, Zein L'Abdin, Maulidi Juma, nyingine hazina hata jina la mwimbaji, ni tarehe na jina la bibi harusi kwa kalamu ya wino basi. Hizo ndo tunazosikiza. Ukifuata hesabu ya Spotify utadhani nyumba hii ni bongo fleva tupu.

Nikatafuta kitu cha kuhesabu vyote, nikafika kwa Maloja. Ni ya bure, unaiweka kwenye mashini yako mwenyewe, na kazi yake ni moja tu: wimbo ukipigwa inaandika jina la wimbo, mwimbaji na saa, alafu inakupangia nani kaongoza wiki, mwezi, mwaka. Wazo lenyewe la zamani, Last.fm ya Uingereza imeanza tangu 2002 na hiyo hesabu ya wimbo mmoja ndo inaitwa skrobo mpaka leo, lakini kule historia yako inakaa kwao na 2007 waliuzwa kwa CBS dola milioni 280, yaani mwenye duka akibadilika na daftari lako linahama naye. ListenBrainz pia niliiangalia, hao ni shirika lisilotafuta faida na nawaheshimu sana, ila kule unachosikiza kiko wazi kwa kila mtu, na anachosikiza mamangu sitaki kisomwe na watu nisiowajua.

Kuiweka ilinichukua jioni moja, baada ya isha mpaka kama saa tano. Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, ambayo chaja yake ni wati 15, kwa hivyo hata ikikaa macho usiku na mchana tokeni za stima haziishi kwa sababu yake. Juu yake nikaeka Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine kila moja kwenye chumba chake, ndani ya Docker nikaeka Navidrome ya kupigia faili za muziki na Maloja ya kuhesabu, alafu pale Navidrome inapouliza anwani ya ListenBrainz unabadilisha unaipa ya Maloja, ile yenye 42010 ndani yake, na ufunguo uliopewa na Maloja. Basi. Simu za nyumbani zote zinapiga kupitia Navidrome na kila kitu kinaandikwa. Vya Spotify na YouTube kwenye simu vinashikwa na Pano Scrobbler, app ya simu ya kuhesabu nyimbo, nayo unaipa anwani ya seva yako, yaani hiyo Pi. Historia ya zamani ya Spotify pia inaingia, unawaomba faili zako, wanasema yaweza kufika siku 30, ukizipata Maloja inazisoma yenyewe.

Jambo moja usilipuuze: saa. Seva yangu ilikuwa inafuata saa za Greenwich na mie sikujua, nyimbo nilizosikiza saa saba usiku zikawa zinahesabiwa za siku iliyopita, wiki nzima hesabu haiingiani. Kuna sehemu ya kuandika tofauti ya saa, sisi huku ni 3, andika 3 siku ya kwanza kabisa.

Na usitumie memori kadi. Mie nilianza na kadi niliyonunua dukani mjini, stima ikapotea mara tatu usiku mmoja, asubuhi Pi haiwaki na skrobo za wiki 3 zimekwenda. Niliumia wallahi. Sasa niko na diski ya SSD, betri ndogo ya kushikilia stima ikipotea, na kila usiku nakala inaenda kwenye laptopu, ambayo ni rahisi kwa sababu skrobo zote za Maloja ziko ndani ya faili moja, malojadb.sqlite, unakopi hiyo umemaliza. Joto nalo. Nilikuwa nimeiweka ndani ya kabati ya TV, ilipofika kaskazi ikawa inapita nyuzi 80, na hapo Pi inajipunguzia kasi yenyewe. Itoe nje ipate upepo, hata feni ndogo ya kuchomeka USB inatosha.

Lakini kazi yenyewe hasa ni majina, na hapa ndo nataka mtu wa pwani anisikize vizuri. Wiki mbili za mwanzo mwimbaji wangu namba moja alikuwa ni "asiyejulikana", na wimbo namba moja unaitwa AUD-20190412-WA0007, kwa sababu ndivyo ulivyokuja kwa WhatsApp na hakuna aliyeubadilisha. Namba 2, namba 5, namba 9 na namba 14 wote ni mtu mmoja: Juma Bhalo, Mohamed Khamis Juma Bhalo, Juma Balo, na "Bhalo kanda ya 3". Mashini haiwezi kujua. Maloja inakuruhusu kuwaunganisha, unaingia na paswadi yako unafungua ukurasa wa mwimbaji unamchanganya na mwenziwe, na hesabu zote za nyuma zinajirekebisha, hiyo nimeipenda mno. Pia kuna faili za kanuni ambapo unaandika kwa mfano nyimbo za Maulidi Juma zihesabiwe kwa Maulidi Musical Party, ukiandika mara moja ishakuwa sheria. Ila faili zenyewe ni lazima uzirekebishe kwa mkono, mie natumia Kid3, programu ya kuandika majina ndani ya faili za muziki, na kwa zile ambazo hata mie simjui mwimbaji namngoja ami aje. Nampigia wimbo, namuuliza "Ami, huyu nani?", hata dakika haijafika ananambia "huyo Zein, sikiza udi huo", na mie naandika.

Alafu kuna upande wa kanda. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na mie nilikuwa nimeingiza upande mzima kama faili moja, kwa hivyo mamangu akisikiza nusu saa ya taarab Maloja inaandika 1, na ndugu yangu mdogo akipiga ngoma ya dakika 2 nayo ni 1. Nikalazimika kukata kila upande kwa Audacity, programu ya kukatia sauti, wimbo kwa wimbo, na bado. Desturi ya skrobo ni wimbo uzidi sekunde 30, na usikizwe nusu yake au dakika 4, lolote litakalotangulia. Taarab ya dakika 15 ukiifikisha dakika 4 imehesabiwa, ukiimaliza yote huongezewi kitu. Maloja inapanga kwa idadi, na kwa muziki wetu huu, ambao ubeti mmoja mwimbaji anaweza kuurudia mpaka watu waishe kutuza, napenda ingepanga kwa dakika. Hilo ndo kosa lake kubwa kwangu.

Hata hivyo siitoi. Mwezi wa 3 niliona wimbo mmoja umepigwa mara 26, na zote ni saa kumi na mbili asubuhi, kutoka ile tableti ya jikoni. Nikamuuliza mamangu. Akanambia, "Babako alikuwa akiuweka huo nikikanda mahamri." Miaka yote mie nikiusikia nikiwa kitandani nikidhani ni redio. Jina la wimbo lilikuwa "Upande B 04". Tukakaa naye meza ya jikoni, akanitajia jina lake na aliyeimba na harusi iliyorekodiwa, nikaandika vyote, na sasa kwenye orodha ya mwaka umekaa namba 1 kwa jina lake.

Kama wewe muziki wako wote uko Spotify na huna shida nao, usijitese na haya, utachoka na Docker bure. Na kama unataka kuona marafiki wanasikiza nini pia hapa hupati, Maloja haina marafiki wala mapendekezo ya maana. Lakini mwenye kanda kabatini, mwenye folda la WhatsApp limejaa taarab za watu wazima, anza. Usingoje mpaka majina yawe sawa, eka kwanza ihesabu alafu utarekebisha pole pole, kwa sababu marekebisho yanarudi nyuma lakini wimbo uliopigwa bila kuandikwa haurudi.

Mie zimenibaki kanda 43. Ami anakuja Jumamosi.