Nyaraka za usimamizi wa kumbukumbu (memory) za Linux 6.6: nodi zimeshiba, kurasa zina njaa

Kwa anayefundisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwenye maabara za Dodoma, nyaraka hizi zina faida moja kubwa: husomeka bila bando. Weka Sphinx (zana ya kutengeneza nyaraka), endesha make SPHINXDIRS=mm htmldocs, kisha nakili Documentation/output kwenye flashi, ugawe.

Faili la physical_memory.rst linaeleza nodi (mafungu ya kumbukumbu yaliyo karibu na kichakataji fulani) vizuri. Ukifika kwenye kurasa (vipande vidogo ambavyo kumbukumbu hugawanywa) na folio (kurasa zinazoshughulikiwa kama kitu kimoja), unakuta kichwa tu na ombi la kujaziwa. Na hapo ndipo wanafunzi hukwama! Fungua include/linux/mm_types.h, maelezo ya mle yanafaa kuliko waraka wenyewe. _mapcount, hesabu ya mara ambazo ukurasa umeunganishwa kwenye jedwali za kurasa za programu, huanzia -1, si 0, kwa hiyo anayeisoma moja kwa moja hupungukiwa moja, tumia page_mapcount(). Tena nafasi hiyohiyo hukaliwa na page_type (alama ya aina ya ukurasa) kwa kurasa zisizofika kwenye programu za mtumiaji, basi kuihesabu huko ni kuokota takataka.

Kwenye x86-64, struct page, rekodi ya kerneli kuhusu ukurasa mmoja, kwa kawaida ni baiti 64 kwa kila ukurasa wa baiti 4,096: kompyuta ya GB 8 hutumia takribani MB 128 kwa rekodi hizo. Hakiki kwa pahole -C page vmlinux (pahole huonyesha mpangilio wa rekodi, vmlinux ni faili la kerneli iliyojengwa), ila kerneli iliyojengwa bila CONFIG_DEBUG_INFO, yaani bila taarifa za utatuzi, haitakuonyesha kitu.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mm_types.h.