Vitz, IST au Fit? Anza na mifuko ya hewa (airbag)

Msomaji wangu wa Tabata alimuuliza muuzaji wa yadi kama mfuko wa hewa wa Vitz aliyoipenda uliwahi kubadilishwa. Akajibiwa, "Dada, Mjapani kaitunza hiyo gari, we lipia tu." Jibu hilo limeniudhi. Mambo ya ulaji wa mafuta na spea kila fundi atakueleza, leo nayaacha; nayapanga magari haya madogo ya mtumba kutoka Japani kwa mifuko ya hewa tu.

Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani, ilifanya mamilioni ya magari yarudishwe kutengenezwa, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Ndani ya mfuko kuna kikopo cha chuma chenye nitrati ya amonia. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, huharibika. Siku ya ajali inawaka kwa kasi mno, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva au abiria wa mbele shingoni na usoni. Joto na unyevu, wakazi wa Dar, ndiyo hewa yetu. Taa ya SRS (taa ya mifuko ya hewa) kwenye dashibodi haitakuonya juu ya ubovu huu.

Chaguo langu la kwanza ni Vitz ya 2005 hadi 2010, chesisi SCP90 au KSP90. Nayo imo kwenye mkasa huu. Nje ya Japani iliitwa Yaris. Lakini Toyota Japani wana ukurasa wa mtandaoni: unaingiza namba ya chesisi, unaona kama gari linahusika na kama kazi imefanyika. Umeandikwa Kijapani, simu itatafsiri. Usihangaike na ukurasa wa Marekani, unataka tarakimu na herufi 17, na chesisi za magari yetu ni fupi. Mimi ni mtu wa Toyota, sifichi.

Ya pili ni IST ya kuanzia 2007, chesisi NCP110. Marekani iliuzwa kama Scion xD, nayo ilirudishwa. Gari zuri, ila ikishakuwa namba E (usajili wa karibuni), Dar inauzwa kama dhahabu.

Honda Fit, hasa ya chesisi GD1, naiweka ya tatu. Vifo vingi vya mifuko hii Marekani vilitokea kwenye Honda. Honda Japani nao wana ukurasa wao. Bila uthibitisho, achana nayo. Toyota Passo ni nafuu, ikague vilevile.

Ukurasa ukionyesha gari halina tatizo, bado mwambie fundi aangalie kama usukani ni wa gari hilohilo. Kuna magari yaliyopata ajali yakafungwa usukani wa mtumba na mfuko wake, na ukurasa hauujui huo.

Kinachonikera zaidi: bandarini tunalipa ushuru wa uchakavu kwa sababu gari ni kuukuu, halafu muuzaji anayeongeza mamilioni juu yake hana hata karatasi moja ya usalama. Anajua kusema AC inapiga na rangi haijaguswa. Mwombe akutumie picha ya chesisi kabla hujapanda daladala kwenda kuliona. Akigoma, tafuta yadi nyingine.